Mapigo Matatu ya Rimu

Candiru mwanangu,

Mama yako ameshakufungia simsim ya kusaga, samaki wakavu wa angara, na lile blanketi zito ambalo najua utalisahau kwenye basi kama ulivyolisahau la kwanza ulipokwenda bodingi. Habari za sweta, za dawa ya malaria, za wajomba wa kupigiwa simu ukishuka Kampala, zote amezishika yeye, na mimi si mtu wa kumpokonya kazi yake. Umekwenda Abuku tangu asubuhi kuwaaga watu wa kwao mama yako. Kabla giza halijaingia utakuwa umerudi hapa Mvara. Basi nina mchana huu mmoja wa kukuandikia jambo ambalo limenishinda kulisema kwa mdomo kwa miaka minane.

Cheka tu. Baba yako, Mzee Spika, ameshindwa kusema. Mtu aliyekula kwa mdomo wake maisha yote, anayesalimia hata mbuzi wa jirani, leo ameketi mezani na kalamu na jasho linamtoka. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba hii: mimi Mlugbara, mama yako Mkakwa, na tulipooana hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Cha kuandika nilikipata Mwanza, ujana wangu, kwa fundi redio mmoja aliyekuwa akinikatisha kila nikikosea. Mwandiko uuvumilie.

Wiki mbili zilizopita uliingia na barua ya kazi mkononi. Ofisi ya Mheshimiwa, kule juu kabisa, inakutaka ushike kurasa zake za mtandao. Anachoandika kipite kwako, wewe ukiweke sawa, utafute picha, utume. Mama yako alipiga vigelegele hadi akina mama wa kwaya wakatoka barabarani kuuliza nani anaolewa. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Ulidhani ni wivu, au uzee umenishika. Niliogopa, mwanangu. Sikutaka uone.

Tulipokuwa tunakula nilikuuliza: huyo mkubwa akikasirika, anaandika mwenyewe? Ukacheka.

“Baba, ile ukurasa ni yake binafsi. Hata yeye ni mutu. Iko na haki ya kusema roho yake.”

Ukaendelea, na ulisema vizuri, nilijivunia shule niliyokulipia. Ulisema wananchi wamechoka kuongea na makatibu. Ulisema kiongozi anayeandika mwenyewe angalau unajua kilichomo tumboni mwake, na ukimfunga mdomo, wataandika wengine kwa jina lake, na hao ndio waongo zaidi. Nikasema nimeshiba, nikaenda kulala na njaa. Huo ulikuwa woga, na leo nataka kulipa deni la jibu, kwa sababu kuanzia Jumatatu kutakuwa na dakika fulani ambayo neno la mkubwa limefika kwenye kidole chako na halijafika kwetu. Katika dakika hiyo hakuna mtu mwingine ila wewe. Hiyo dakika ndiyo inayoninyima raha.

Redio ya mti unaikumbuka. Nguzo ya mkaratusi pale soko la Koboko, spika nne juu zimetazama pande nne, na chini yake kibanda changu chenye betri, kipaza sauti na kiti kimoja kibovu. Nikienda kunywa chai wewe ulikuwa unaingia kuimba, na watu wa soko walikuvumilia kwa heshima yangu. Unaikumbuka pia rimu ya lori iliyoning'inia kwa mnyororo kwenye nguzo. Sheria yake ilijulikana na kila mtu, hata watoto wa chekechea. Pigo moja: mbuzi amepotea, dawa ya panya imefika, leo kuna mpira. Mapigo mawili: msiba. Hapo watu walikuwa wanasimama palepale walipo, hata mwenye kupima mihogo anashusha mizani, wanasubiri jina. Mapigo matatu: serikali imesema. Chanjo, mpaka kufungwa, agizo la wilaya. Matatu hayakupigwa bila karatasi yenye muhuri.

Sheria hiyo sikuitunga mimi. Niliirithi kwa mzee aliyekuwa na rimu kabla spika hazijafika Koboko. Siku aliyonikabidhi chuma cha kupigia aliniambia kwamba watu wakishazoea kuamini mlio, hawaangalii tena mkono unaopiga. Nilimwitikia haraka haraka, nikitaka aondoke nijaribu spika zangu mpya.

Halafu simu za intaneti zikaja, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza pale sokoni kuwa nayo. Nilimfuata waziri mmoja aliyekuwa anaandika kama watu wanavyoongea. Aliwatania wapinzani wake, alisifu ng'ombe wake, aligombana siku nzima na watu asiowajua kuhusu penalti. Kila jioni saa kumi, baada ya mbuzi waliopotea, nilikuwa nagonga pigo moja nasoma aliyoandika, na soko linacheka. Nilimpenda mtu yule. Sitakudanganya kwamba nilimwona mbaya tangu mwanzo.

Siku moja, katikati ya mizaha yake, akaandika kwamba ameona picha ya daraja bovu la Kuluba, kule mpakani, na ni aibu. Mistari miwili. Watu wa Kuluba walikuwa wameandika barua kuhusu daraja lile mpaka karani wao akafa. Siku ya tatu greda likafika, na mhandisi aliyekuja nalo alikuwa anatokwa jasho kabla hajashika kitu. Tulicheka sana, tukachinja. Nilitakiwa kuogopa siku ile, badala yake nilikula nyama. Hakuna aliyempa mhandisi yule amri. Mtu alisema tu kinachomuudhi, na nchi ikakimbia.

Sasa nije kwa Poni. Wewe unamkumbuka kama fundi aliyekushonea sare ya kwanza ya sekondari, akaacha upindo mrefu chini kwa sababu alisema utarefuka kama baba yako. Alivuka kutoka Sudan Kusini wakati wa vita na mama yake mzee. Cherehani yake aliiweka chini ya nguzo yangu kwa makusudi, apate kusikia habari za kwao zikitajwa. Mama yake alikuwa na miguu iliyovimba, hatembei mbali. Alikuwa anakaa chini ameegemeza mgongo kwenye ubao wa kibanda changu kutwa nzima, na akiniona nakwenda kula alikuwa anawaambia watu kwamba redio yake inakula sana. Miaka minne tulikaa hivyo, mgongo wake upande ule wa ubao, mgongo wangu upande huu.

Ilikuwa siku ya soko, mchana, jua la kupasua kichwa. Wiki hiyo kulikuwa na wizi wa ng'ombe mpakani na watu wawili walikuwa wameuawa, kwa hiyo hasira ilikuwa imeshajaa kwenye vilabu vya pombe na kwenye mazungumzo. Nikafungua simu. Waziri alikuwa ameandika dakika chache zilizopita kwamba amechoka na hawa wageni wa mpakani, kwamba wenye nchi wamevumilia vya kutosha, na kwamba anawapa siku tatu wafunge mizigo.

Nilisoma mara mbili. Juu ya ukurasa, kama unavyojua wewe kuliko mimi, kulikuwa na maneno madogo kwamba anayoyaandika humo ni maoni yake binafsi. Niliyaona, Candiru. Hadi leo nayaona. Nikajiuliza: hili ni pigo moja au ni matatu? Waziri anayewapa watu siku tatu, anaongea na roho yake au anatawala? Nilijiambia kwamba mtu mwenye majeshi na mihuri hana kitu kinachoitwa maoni, na bado naamini kuna ukweli hapo. Ila kuna ukweli wa pili ambao sikuusema kwa mtu. Redio ya mjini ilikuwa bado haijatangaza. Soko lilikuwa limejaa pomoni. Nilitaka kuwa wa kwanza. Nikachukua chuma, nikapiga tatu.

Nikasoma kwa Kiswahili, kwa Kikakwa, kwa Kilugbara. Kiarabu cha Juba nilikiweka mwisho, nikakisoma polepole, ili wahusika waelewe vizuri. Nilijisikia fundi.

Soko halikupiga kelele. Lilinyamaza, na katika ule unyamavu nikasikia cherehani ya Poni ikisimama. Akaja dirishani na uzi bado mdomoni.

“Baba Candiru, hii ni serikali?”

“Ni serikali,” nikamwambia.

Hakuuliza tena. Aulize nini, naye alikuwa amehesabu mapigo. Alipita upande wa pili akamwinua mama yake. Nikasikia ubao ukilia mgongo wa mama ulipouacha.

Kabla jua halijazama vijana walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na fimbo, wakisema siku tatu ni nyingi. Hakuna aliyewatuma. Nao walikuwa wamesikia tatu. Askari wa soko walisimama pembeni wakitazama viatu vyao, kwa sababu nani atazuia jambo la serikali? Kibanda cha Poni kilivunjwa, vitenge vya watu vikachukuliwa. Yeye alibeba kichwa cha cherehani kichwani, akamshika mama yake mkono, wakaifuata barabara ya Kuluba kurudi walikotoka, kwenye vita, kwa sababu huko ndiko sauti yangu ilikowatuma. Mvua ikawanyeshea. Walivuka kwenye lile daraja jipya. Mama yake alifia kwenye baraza la kanisa dogo upande wa pili, alfajiri ya siku ya pili, na wenyeji wakamsaidia binti kuchimba.

Siku hiyohiyo, saa za chakula cha mchana, waziri alifuta alichoandika. Akaandika kingine: kwamba watu wa siku hizi hawajui utani, na yale yalikuwa maneno ya mtu mmoja aliyechoka, si ya serikali. Chini akaweka picha ya nyama ya kuchoma. Wahenga wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilifikiria sana methali hiyo. Wahenga walidhani anayejikwaa ulimi ndiye anayeumia.

Niliposoma hayo nilikimbilia rimu. Nikapiga tatu tena, nikatangaza kwa lugha zote nne kwamba haikuwa amri. Wengine walicheka. Mzee mmoja muuza mihogo, mtu mpole, akaja dirishani akaniuliza kwa upole wake wote:

“Spika, sasa sisi tutahesabu nini?”

Mwezi uliofuata nilipiga tatu kwa ajili ya chanjo ya surua, karatasi ipo, muhuri upo, na akina mama waliokuja walihesabika kwa vidole. Watoto wa Koboko waliugua mwaka ule. Hilo nalo liko juu yangu, na sijui nilipeleke wapi.

Sasa sikiliza linaloniuma kuliko yote, maana linakuhusu. Watu wa serikali walikuja kuuliza nani aliniruhusu kupiga tatu. Nikasema nilipigiwa simu na mtu wa wilaya nisiyemjua jina. Uongo. Mama yako nilimwambia hivyohivyo. Na wewe uliporudi likizo nilikuambia hivyohivyo, kwamba baba yako aliamriwa na mjumbe hauawi. Uliniamini. Muhula uliofuata msichana mmoja bwenini alisema baba yako ndiye aliyefukuza watu Koboko, ukampiga mpaka akatoka damu puani, ukafagia uwanja wa shule wiki nzima. Ulipokuja kunisimulia ulikuwa unajivuna. Ulisema, “Nilikutetea, Baba.” Nikakununulia soda. Mungu anisamehe ile soda.

Hatukuhamia Mvara kwa sababu ya biashara ya kutengeneza redio, kama nilivyowaambia. Tulihama kwa sababu nilikuwa siwezi tena kuegemea ule ubao.

Baada ya miaka mitatu nilisikia kwamba Poni amevuka tena, yuko Kuluba, anashona karibu na daraja. Nilikwenda na sabuni na sukari, nikijua ni upuuzi kwenda na sabuni na sukari. Alinipa kiti. Hakusimamisha cherehani. Nilianza kumlaumu waziri, kwamba mtu mkubwa hana haya, kwamba aliua mtu kwa kidole kimoja huku anakula. Aliniacha nimalize.

“Mimi haiko kasirikia ule mukubwa,” akasema. “Yeye mimi hajui. Hata siku moja hakukula na mimi. Sauti yenye ilisema toka, ilikuwa yako.”

Nikamwambia mimi nilisoma tu.

“Ndiyo,” akasema. “Ulisoma muzuri sana.”

Kisha akaniuliza habari zako, kama ulirefuka, kama ule upindo ulifunguliwa. Nikamwambia ulifunguliwa mara mbili. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Akanipa chai nikainywa.

Utakuwa umeshajua waziri yule ni nani. Ndiye huyo huyo Mheshimiwa wako. Amepanda cheo, nywele zimekuwa nyeupe, na anakula meza kubwa zaidi, lakini ukurasa ni uleule na maneno madogo juu yake ni yaleyale. Ndiyo maana nilikwenda kutafuta kuku.

Maneno yako ya mezani yalikuwa kama kuniuliza iwapo mkubwa wa nchi anapaswa kujizuia kuandika kinachomjia rohoni. Nimeliwaza swali lako wiki mbili nikiwa nachomea waya. Sitaki anyamaze, maana nakumbuka Kuluba. Mkubwa aliyenyamaza tulishakuwa naye, hujui yuko hai au amekufa, na madaraja yanaoza. Na sina hakika kwamba huyu wako ni mtu mbaya. Nadhani alikuwa amechoka kweli siku ile, kama alivyosema. Mimi nikichoka napiga meza, mama yako ananiambia nitavunja mguu wa meza, yanaisha. Yeye alipiga meza na meza tulikuwa sisi. Hajui hilo, au analijua na anapenda mlio wake. Hapo ndipo siwezi kukusaidia, kwa sababu mimi mwenyewe niliupenda mlio.

Wala sina ubavu wa kumhukumu, kwa sababu jina lako nililitoa mimi. Kwetu jina la mtoto ni ujumbe, wewe unajua, na jirani anayetajwa huelewa. Ulipozaliwa tulikuwa hatuna kitu, na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na maghala mawili, alipita njia ya nyuma ili asituone. Nikasema mtoto anaitwa Candiru, shida, apate kulisikia kila mama yako akikuita ule. Alilisikia. Hakukanyaga tena kwangu, akafa hivyo. Hasira yangu iliisha kabla hujaota meno, lakini jina lilikuwa limeshaandikwa kanisani. Nilimrushia yeye, ukabeba wewe. Ukiwa darasa la tatu uliniuliza kwa nini wenzako wanaitwa Neema na Baraka. Nilikuambia ni jina la heshima. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwako, na kama ningengoja wiki moja tu kabla ya kwenda kwa mchungaji ungekuwa na jina lingine.

Kwa hiyo sikukatazi kazi. Hukumtafuta, alikupata kwa akili yako, na bora wewe kuliko kipofu. Ila ukifika hapo kwenye ile dakika, neno likiwa limekuja na joto lake, ukaona linamtaja mtu ambaye hawezi kumjibu, liweke kando, usilitume. Mwambie mtandao unasumbua. Mwambie unatafuta picha. Mama yako akisikia hili atasema nakufundisha uongo. Mwambie baba yako ana ujuzi wa uongo na huu ndio wa kwanza wenye faida. Ngoja ale, ngoja alale, kisha umuulize kesho yake kama bado analitaka. Na usimuulize kama ni lake binafsi, maana atasema ndiyo na ataamini. Muulize angependa lipigwe mara ngapi. Hataelewa. Utamweleza wewe, kwa heshima, kwamba huko kwenu kuna rimu.

Huenda atakufukuza. Wakubwa hawapendi kuulizwa wakiwa na njaa wala wakiwa wameshiba. Akikufukuza, rudi. Usikae Kampala kwa aibu ukihama kwa rafiki huyu na yule. Kitanda chako hatumpi mtu, na ukishuka kwenye basi na begi lako sitakuuliza kitu. Nitajua, na nitakaa na wewe kibarazani, na pengine hapo nitaweza kuongea. Lakini ukituma, ukapata sifa, ukapandishwa cheo, na mahali fulani mtu akamwinua mama yake kutoka chini, usiniandikie kwamba uliamriwa. Kwa wengine waambie. Kwangu usiseme, kwa sababu nitakuamini, nitakutetea, na nitakufa nikikutetea.

Mama yako hajui haya hata sasa. Nitamweleza mwenyewe kesho ukishaondoka. Namwogopa zaidi yako.

Ile rimu ninayo. Ipo nyuma ya jiko, ile ambayo mama yako anaanikia vitambaa na amekuwa akiniambia niiuze kwa wanunuzi wa vyuma. Mara nyingi umeniuliza naitunzia nini. Siwezi kuiuza, kwa kuwa atakayeinunua ataipiga.

Nasikia boda imesimama langoni na wewe unabishana na mwenye boda kwa Kikakwa kibovu, kwa hiyo umerudi. Barua hii naifunga kwenye nailoni, naiweka chini ya samaki. Utaipata mkishavuka daraja la Karuma na njaa ikikuuma, na itakuwa inanuka angara, nisamehe na hilo. Sasa hivi nitatoka nje nitakutania kuhusu begi lako kubwa, na wewe utacheka, na hutajua kitu mpaka kesho mchana.

Ukiwa na simu yake mkononi, kumbuka kwamba chini ya nguzo ya soko moja ambalo hutaliona kamwe amesimama mtu na chuma, anasoma ulichotuma, watu wamenyamaza wanamtazama, na nyuma ya ubao kuna mama mzee ameegemea. Anataka kuwa wa kwanza. Hana karatasi, hana muhuri, ana neno lako tu.

Mtu huyo nilikuwa mimi, mwanangu. Nilipiga tatu, na hakuna aliyeniambia nipige.

Baba yako